Hatari na Madaraja Yake

Kila nyumba yenye watoto ina sheria zake za hatari, ijapokuwa hazikuandikwa popote. Mwiko na kata huachwa chini, mahali ambapo hata mtoto atambaaye aweza kuvishika akavichezea. Kisu cha kumenyea viazi huwekwa juu ya meza. Panga huchomekwa darini. Chupa ya dawa ya kunyunyizia mahindi haiingizwi nyumbani kabisa, bali hufungiwa ghalani, na ufunguo hukaa kwa baba au mama. Hakuna mwalimu aliyemfundisha mzazi kuvipanga vitu hivi. Amejiuliza tu, kwa kila kimoja, madhara gani yatatokea kikishikwa vibaya, kisha akakipa mahali pake na ulinzi wake.

Sisi tuliokulia Kitale, katika nchi ya mahindi, tuliliona jambo hili hata dukani. Chini ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya wadudu pana mstari wa rangi. Rangi nyekundu ni onyo kubwa kabisa. Ya manjano hufuata. Kisha huja buluu. Na kijani huwekwa kwa dawa ambayo haitazamiwi kudhuru kwa ghafula ikitumiwa kama ilivyoelezwa. Rangi hizo hufuata madaraja ya sumu yaliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1975. Mkulima asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kuitazama rangi na kujua ajihadhari kiasi gani.

Walakini ni wachache wajuao kuwa vifaa vya tiba navyo vimepangwa kwa namna hiyohiyo. Twaingia hospitali ya Kitale au ya Bungoma, twaona vitanda, bendeji, sindano, mashine za eksirei na mirija ya kila namna, nasi twadhani kwamba vyote vimeruhusiwa kwa njia moja, au kwamba kilicho kikubwa na chenye taa nyingi ndicho kilichochunguzwa zaidi. Sivyo. Kila kimoja kina daraja lake, na daraja hilo hutegemea hatari yake. Nataka kueleza katika kurasa hizi madaraja hayo ni yapi, yalitoka wapi, na kwa nini yafaa kujulikana na mtu asiye daktari, kama mimi nilivyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika kaunti ya Bungoma. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kutunga mitihani, na fundisho moja la siku zile halijanitoka: uangalizi wa mtihani hulingana na uzito wa jambo linaloamuliwa. Zoezi la asubuhi darasani halihitaji msimamizi. Mwanafunzi akikosea, mwalimu humsahihisha kabla ya kengele kulia. Mtihani wa muhula wahitaji uangalifu zaidi. Mtihani wa taifa, ambao hufungua au kufunga njia ya mtoto maishani, huletwa katika bahasha iliyotiwa muhuri, na polisi husimama langoni. Mtu akitaka zoezi la asubuhi liletwe na polisi, atachekwa. Mtu akitaka mtihani wa taifa uachwe juu ya dawati bila msimamizi, atashtakiwa. Hekima ni kuujua uzito wa kila jambo na kulipa ulinzi unaolistahili.

Sheria za vifaa vya tiba zimejengwa juu ya hekima hiyo. Katika Kenya, kazi ya kuangalia dawa na vifaa vya tiba ni ya Bodi ya Dawa na Sumu, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1957. Bodi huvigawa vifaa katika madaraja manne, A, B, C na D. Tanzania nayo, kwa mkono wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hutumia madaraja manne kama hayo. Mwanafunzi asije akachanganyikiwa: shuleni herufi A ni fahari, na D ni huzuni. Hapa herufi hazipimi ubora. A ni hatari ndogo, na D ni hatari kubwa kuliko zote. Kifaa cha daraja la D chaweza kuwa kazi bora kabisa ya mikono na akili za wanadamu. Kimepewa herufi hiyo kwa sababu kikikosea, mtu atakufa.

Katika daraja la A vimo vitu kama bendeji ya kawaida, kijiti cha kukandamizia ulimi daktari anapotazama koo, magongo ya kutembelea, na kiti cha magurudumu kisukumwacho kwa mkono. Katika B imo sindano ya kuchomea dawa. Katika C imo mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua, na kile kipande cha chuma ambacho huunganishwa na mfupa uliovunjika. Katika D imo vali ya moyo iliyotengenezwa na binadamu, na kile kifaa kidogo kinachopandikizwa kifuani ili kuushtua moyo unapopoteza mwendo wake. Kadiri herufi inavyopanda, ndivyo ushahidi unaodaiwa unavyoongezeka. Kwa kifaa cha daraja la A, aghalabu mtengenezaji hutoa ahadi yake kwa maandishi kwamba amefuata masharti, naye hubaki na jukumu. Kwa kifaa cha daraja la D hutakiwa matokeo ya majaribio kwa wagonjwa, maelezo ya kila kitu kilichotumiwa kukitengeneza, na ukaguzi wa kazi ya kiwandani.

Sasa msomaji atauliza: ni nani anayeamua kifaa kiwe katika daraja gani, naye huamua kwa kipimo gani? Kipimo chenyewe ni mfululizo wa maswali. Swali la kwanza ni kama kifaa huingia mwilini au hubaki nje. La pili ni muda kitakaokaa: usiotimia dakika 60 huhesabiwa kuwa wa kupita; usiozidi siku 30 ni mfupi; unaozidi siku 30 ni mrefu. La tatu ni mahali kinapogusa, kwa kuwa kidole si sawa na moyo, na ngozi si sawa na ubongo au uti wa mgongo. La nne ni kama hutumia nguvu, mathalani umeme, na kama nguvu hiyo yaweza kumdhuru mgonjwa ikizidi au ikipungua. La tano ni kama kimechanganywa na dawa, au kimetengenezwa kwa sehemu za mnyama, kama zile vali za moyo zinazoshonwa kwa utando wa ng'ombe au nguruwe. Kanuni mbili zikikigusa kifaa kimoja, ile iliyo kali zaidi ndiyo hushika.

Juu ya maswali hayo yote lipo moja linalotangulia: kifaa kimekusudiwa kazi gani? Tazama mipira ya mikononi. Ile ambayo muuguzi huvaa anapomchunguza mgonjwa ni ya daraja la A. Ile ambayo daktari huvaa anapompasua mgonjwa ni ya daraja la B. Kwa macho ya mtu apitaye, yote ni mipira. Kadhalika kitambaa cha kufunikia mchubuko mdogo ni cha daraja la A. Bali kitambaa kilichokusudiwa kidonda cha moto kilichoila ngozi yote huwekwa katika C, maana kidonda kile hakiwezi kujifunga chenyewe, na kosa lolote hapo ni mlango wa maradhi. Kitu kwa sura yake hakitwambii hatari yake. Kazi yake ndiyo hutwambia.

Ukubwa nao hautwambii neno. Kitanda cha hospitali kinachoinuliwa kwa mkono huchukuliwa na wanaume wawili au watatu, nacho ni cha daraja la A. Kitanzi cha kuzuia mimba, ambacho hukaa katikati ya kiganja, ni cha daraja la D, kwa sababu hukaa ndani ya mwili wa mwanamke kwa miaka. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa vifaa vya tiba, methali hiyo si pambo la maneno, na historia ya kitanzi kimoja yaithibitisha.

Kitanzi hicho kiliitwa Dalkon Shield, nacho kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1971. Wakati huo vifaa vingi vya tiba viliweza kuuzwa katika nchi ile bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza mbele ya serikali kwamba ni salama. Dawa zilikuwa na mlinzi. Vifaa vilipita pembeni. Kitanzi kile kilikuwa na uzi wa kukivutia nje, na uzi wenyewe ulifanywa kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizokusanywa ndani ya ala. Katikati ya nyuzi hizo mlipanda unyevu, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa, na pamoja na unyevu walipanda wadudu wa maradhi mpaka ndani ya tumbo la uzazi. Maelfu ya wanawake waliugua, wengi wakapoteza uwezo wa kuzaa, na wengine wakafa. Mauzo yake katika Marekani yalisimamishwa mwaka 1974, na mwaka 1976 likapitishwa badiliko la sheria lililovigawa vifaa vyote vya tiba katika madaraja matatu kwa kadiri ya hatari. Uzi mmoja, mwembamba kuliko kamba ya kiatu, ulisaidia kuizaa sheria ya taifa zima.

Baadaye mataifa mengine yakafanya madaraja yao. Mwaka 1992 wawakilishi wa Marekani, Ulaya, Japani, Kanada na Australia waliunda jumuiya ya kusawazisha kanuni hizi, kusudi kifaa kisionekane kuwa hatari upande mmoja wa bahari na kuwa kitu cha kuchezea upande wa pili. Madaraja manne tunayotumia katika Afrika ya Mashariki yametokana na kazi ya jumuiya hiyo, na Shirika la Afya Duniani liliyatumia katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kwa nchi zinazojenga sheria zao. Hatukuyatunga sisi, lakini si aibu kuchukua kisima kilichochimbwa na wengine ikiwa maji yake ni matamu, mradi tujue kuteka wenyewe.

Hadi hapa mambo haya yaweza kuonekana kama mambo ya makaratasi, ya watu wenye ofisi na mihuri. Nami ningaliyaona hivyo laiti yasingaliingia katika nyumba ya mama yangu.

Mama anaishi Kitale, nami kazi yangu ni Bungoma. Kati yetu pana mwendo wa gari wa saa kadhaa, kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa, na mlima Elgon huonekana upande mmoja siku isiyo na mawingu. Mama ana ugonjwa wa sukari. Hujidunga insulini asubuhi na jioni, na kabla ya kujidunga hujitoboa kidole, hutia tone la damu katika kijikaratasi, na kijikaratasi hukisomesha kifaa kidogo kinachomwambia kiasi cha sukari katika damu yake. Kliniki ilimfundisha kupunguza au kuongeza insulini kwa kufuata namba hiyo. Kifaa chake cha kwanza, alichopewa maelezo yake na wauguzi, kilipoharibika, ndugu mmoja wa ukoo alimnunulia kingine kwa mchuuzi, kwa bei nafuu, kwa moyo mwema kabisa.

Kwa muda wa majuma matatu kifaa kile kilimwonyesha namba za kupendeza: 6, 7, tena 6. Alinipigia simu kunieleza, na furaha ilikuwa katika sauti yake. Lakini katika majuma yayo hayo alikuwa akiamka usiku mara nne au tano kwenda haja, kiu yake haikukatika kwa maji wala kwa chai, na macho yake yalianza kuona ukungu. Mwisho nilichukua ruhusa kazini, nikaenda, nikamfikisha kliniki. Walimpima. Namba ilikuwa 19.

Daktari, kijana wa umri wangu, alikigeuzageuza kile kifaa mkononi mwake.

"Mama, mashine hii mliipata wapi?"

"Ilitoka sokoni, mwanangu. Imenipa namba nzuri kila asubuhi."

"Namba nzuri si lazima iwe namba ya kweli, Mama."

Akatuonyesha kikopo cha vijikaratasi. Kifuniko kilikuwa na ufa. Mahali pa tarehe ya mwisho wa matumizi palikuwa pamekwanguliwa. Alitueleza kwamba katika kila kijikaratasi mna kimeng'enya, yaani kitu chenye kufanya kazi na sukari ya damu ili mashine ipate kuihesabu. Joto na unyevu vikikiharibu, mashine huendelea kutoa namba, lakini namba hizo ni za kubuni. Mashine haioni haya. Haitasita wala kugugumia kama mtu anenaye uongo.

Mama alitibiwa, akapona hatari ile, na macho yake yakarudia hali yake. Mimi nilirudi Bungoma na swali moja. Nilitaka kujua kama wenye sheria walikuwa wamewahi kumfikiria mtu kama mama yangu, aliye peke yake asubuhi na tone la damu na sindano ya insulini. Niliposoma kanuni za vifaa vya kupimia damu na maji mengine ya mwili, ambavyo vina madaraja yake katika herufi zizo hizo, niliona kwamba walikuwa wamemfikiria.

Kanuni zasema kwamba kifaa kinachotumiwa na mgonjwa kujipima mwenyewe huwekwa katika daraja la C. Nilistaajabu mwanzoni. Kifaa kile hakiingii mwilini, hukaa mezani, hunyonya tone moja tu la damu ambalo limekwisha kutoka. Kwa nini kiwekwe pamoja na mashine ya kupumulia? Jibu ni kwamba hatari ya kipimo haimo katika chuma chake, bali imo katika jambo litakalotendwa kwa kuamini neno lake. Namba ikiwa ndogo kuliko kweli, mgonjwa atapunguza insulini, na sukari itamwunguza polepole. Namba ikiwa kubwa kuliko kweli, ataongeza insulini, na sukari itashuka mpaka azimie, pengine asiamke. Na kati ya namba na sindano hakuna mtu wa pili. Hospitalini pana muuguzi atakayesema, "Namba hii yanitia shaka, tupime tena." Nyumbani pana mgonjwa tu.

Ushahidi kwamba hiyo ndiyo sababu waonekana katika kipimo kingine. Kipimo cha mimba, ambacho mwanamke hujipima nyumbani, huwekwa chini zaidi, katika B. Nacho ni cha kujipima. Lakini kikikosea, aghalabu kosa halimtupi mtu hatarini siku ile, na ataweza kupimwa tena kliniki. Kwa upande mwingine, kipimo cha kutafuta virusi vya Ukimwi katika damu ya kuwapa wagonjwa hospitalini huwekwa katika D, maana kosa lake haliishii kwa mtu mmoja. Damu iliyotolewa kwa wema huenda kwa mgeni asiyejua lolote, na kutoka kwake huenda kwa wengine. Hivyo twaona maswali mawili makubwa: kosa litamdhuru nani na kwa kiasi gani, na kabla halijadhuru, je, yuko mtu au kipimo cha pili cha kulizuia?

Mwanafunzi apendaye hesabu ajaribu hii. Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kanuni yake ya mwaka 2013, lilitaka kwamba damu yenye sukari ya milimoli 5.55 kwa lita au zaidi ikipimwa kwa kifaa cha nyumbani, angalau vipimo 95 katika kila 100 viwe ndani ya asilimia 15 ya kweli. Basi ikiwa kweli ni 10, kifaa chaweza kusema 8.5 au 11.5, nacho hakijavunja kanuni. Ikiwa kweli ni 19, chaweza kusema chochote kati ya 16.15 na 21.85. Kilichosema 7 kimetoka nje ya uwanja kabisa. Sheria haidai ukamilifu, maana hakuna kipimo kikamilifu chini ya jua. Yadai kosa liwe dogo, na mpaka wake ujulikane.

Baada ya mkasa ule, jamaa zangu wengine walisema kwa uchungu kwamba serikali ingepaswa kuvitia vifaa vyote katika daraja la D, kila kimoja kijaribiwe kwa miaka, na kila kiwanda kikaguliwe. Niliuelewa uchungu wao, lakini sikukubaliana nao. Mfikirie fundi seremala anayechonga magongo katika karakana yake. Akiambiwa alete majaribio ya wagonjwa mia kadhaa kabla ya kuuza jozi moja, atafunga mlango, na kiwete atatambaa. Zahanati ya kijijini ikiambiwa ingoje bendeji miaka mitano, kidonda hakitangoja. Na wakaguzi wenyewe ni watu wenye macho mawili na siku ya saa 24. Wakiyamaliza macho yao juu ya vijiti vya kukandamizia ulimi, vali ya moyo itapita wakiwa wamesinzia. Ukali uliomwagwa sawasawa juu ya kila kitu huwa mwepesi mno mahali pazito na mzito mno mahali pepesi. Ndiyo maana madaraja ni haki kwa mgonjwa pande zote mbili: humkinga na kifaa kibaya, tena hayamnyimi kifaa chema.

Haja ya madaraja haya imezidi kwetu tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013. Zamani mtu wa Kitale au wa Bungoma aliyehitaji mashine kubwa aghalabu alipelekwa Eldoret au Nairobi. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha vifaa kwa hospitali mbili katika kila kaunti, na miongoni mwake zikawamo mashine za kusafisha damu ya wenye figo mbovu, ambazo hatari yake ni ya daraja la C. Kifaa cha hatari kikisogea karibu na mlango wetu, ujuzi nao hauna budi kusogea. Mashine ya C yahitaji fundi wa kuitunza, maji safi, umeme usiokatika ovyo, na muuguzi aliyefundishwa. Herufi iliyoandikwa Nairobi haitatimiza hayo Bungoma.

Na hapa ndipo mwisho wa uwezo wa madaraja. Daraja si ulinzi wenyewe. Hutwambia tu ulinzi uwe kiasi gani. Kifaa cha mama yangu, kwa kanuni, kilistahili ushahidi mwingi na utunzaji mwema. Mchuuzi aliyekiuza hakuuliza kanuni, wala mnunuzi hakujua kuuliza. Kaunti zetu zimepakana na Uganda. Pale Suam na pale Lwakhakha bidhaa huvuka kila siku, na hakuna bodi yenye wakaguzi wa kutosha kusimama kando ya kila kikapu. Sehemu ya kazi hiyo yatuangukia sisi raia. Yatupasa kununua kifaa cha kupimia mahali palipo na idhini, kusoma tarehe, kutazama kama kifuniko ni kizima, kukiweka mbali na jua na mvuke wa jikoni, na kukilinganisha na kipimo cha kliniki mara kwa mara. Mwili ukisema neno moja na mashine ikisema jingine, yafaa kupima tena mahali pengine kabla ya kuamua nani ni mwongo. Tena kifaa kikidhuru, tusinyamaze. Bodi hupokea taarifa za madhara kutoka kwa wauguzi na hata kwa wananchi, na taarifa ya mtu mmoja yaweza kuwa kinga ya watu ambao hatawaona kamwe.

Nawaandikia vijana ambao baadhi yao watakuwa wafamasia, mafundi wa mashine za hospitali, wakaguzi wa mpakani na watunga sheria. Wengi zaidi watakuwa wana na mabinti wa wazazi wagonjwa. Wote watalazimika kuamini vitu ambavyo hawakuvitengeneza na ambavyo hawawezi kuvifungua kuona ndani. Hakuna aishiye bila kuamini hivyo. Asiyeamini chochote hatakunywa hata kidonge kimoja, na mwenye kuamini kila kitu atakunywa sumu. Imani yataka kipimo, na kipimo chake ni swali lile ambalo madaraja yote manne yamejengwa juu yake: kikikosea, nani ataumia, na nani atakuwapo kulizuia kosa? Mahali ambapo jibu ni "hakuna", hapo ndipo penye kudai ushahidi mwingi kuliko pote, hata kama kitu chenyewe ni kidogo cha kutosha katika kiganja cha mkono.